Mikao ya Waya Mmoja

Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pembamba. Kauli hiyo imerithiwa kizazi baada ya kizazi, na ni nadra kumpata mtu wa kuishuku. Hata hivyo, katika karakana moja iliyo kando ya njia huko Magogoni, sehemu ya Kisauni, yupo fundi wa umeme wa magari ambaye huikubali kwa sharti. Kamba, asema, na ikatikie pembamba. Waya hukatikia pale unapopindwa kila siku. Makala haya yanasimulia jinsi kauli ya fundi huyo ilivyothibitika, hasara iliyotangulia kuthibitika kwake, na jinsi ilivyoishia kupewa safu yake katika jedwali la tarakilishi.

Karakana yenyewe ni kibanda cha mabati chenye meza moja ndefu ya mbao, rafu ya betri kuukuu, na uwanja mdogo ambamo tuktuk moja huingia na kutoka kinyumenyume kwa kukosa nafasi ya kugeuka. Kazi haikosekani. Abiria wengi wa Kisauni huzitegemea tuktuk kufika soko la Kongowea, na vyombo hivyo huendeshwa tangu alfajiri hadi usiku katika hewa ya bahari, ambayo huila shaba na kuiachia ukoko wa kijani. Fundi ameilisha familia yake kwa ukoko huo kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini macho yake yameanza kumhini. Jua linapotua, waya wa kahawia na waya mwekundu humwonekea kuwa wa rangi moja, na siku hizi huuliza kabla ya kukata.

Kwa sababu hiyo alifurahi mwana wa nduguye alipokuja kushirikiana naye. Kijana huyo alikuwa amehitimu stashahada ya uhandisi wa mitambo, akatafuta ajira pasi na kuipata, na mwishowe akaja Magogoni na kipakatalishi alichokinunua kikiwa kimetumika. Ndani yake mlikuwa na FreeCAD, programu ya usanifu isiyotozwa malipo, ambayo ilianza kutolewa mwaka wa 2002. Mafundi wa jirani walimwita injinia, na haikuwa vigumu kusikia mzaha katika sauti zao.

Fursa ya kuufuta mzaha huo ilikuja upesi. Mmiliki wa tuktuk sita aliomba zote zivalishwe nyaya mpya. Desturi ya fundi ilikuwa kukata kila waya papo hapo, juu ya chombo chenyewe, kimoja baada ya kingine. Kijana alipendekeza njia nyingine: lisanifiwe fungu moja la nyaya, lile ambalo mafundi huliita wairingi, kisha mafungu sita yanayofanana yakatwe mezani kwa kipimo kimoja. Muda ungeokolewa, na waya usingepotea bure. Fundi aliridhia. Sehemu kubwa ya kazi ilifanikiwa barabara. Tatizo lilijificha katika kipande kifupi kuliko vyote, kile kinachotoka kwenye swichi za usukani hadi kwenye soketi iliyofungwa bodini.

Kijana alikipima kipande hicho usukani ukiwa umenyooka. Swichi ilikuwa sentimita 15 kutoka kwenye mhimili ambao usukani huzungukia, na soketi ilikuwa sentimita 20 kutoka kwenye mhimili huo huo. Mistari hiyo miwili ilikutana kwa pembe mraba. Aliyepita shuleni ataikumbuka pembetatu ya 3, 4 na 5: umbali kati ya swichi na soketi ni sentimita 25. Kijana aliongeza sentimita 7 za tahadhari, akakata 32, na akajiona kwamba amekuwa mkarimu.

Uwanja mdogo ulilisitiri kosa. Kila tuktuk ilipomalizika iliwashwa taa, ikapigwa honi, kisha ikatolewa kinyumenyume hadi barabarani. Hakuna aliyeugeuza usukani hadi mwisho, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Ila katika msongamano wa Kongowea dereva hugeuza usukani hadi ugote, mara kadhaa katika kila safari. Zilipopita wiki tatu, tuktuk ya kwanza ilirudi ikisukumwa, taa zake zikiwa zimezimika njiani usiku. Siku mbili baadaye ilirudi ya pili. Kila fungu lilipofunguliwa, waya ulikutwa umekatika mahali pale pale: mdomoni mwa soketi, ndani ya ganda lake la plastiki, ambapo jicho halioni. Sehemu zote za waya zilikuwa na unene mmoja. Pembamba hapakuwepo.

"Ami, nilipima," kijana alisema. "Nilipima na nikaongeza."

"Ulipima nini?"

"Kutoka swichi hadi soketi."

Fundi aliushika usukani, akaugeuza kushoto mpaka ukagota. Fungu lilinyooka kama mshipi wa mvuvi aliyenasa samaki. "Na hapa wapima nini?" Kisha akaugeuza kulia mpaka ukagota tena. Fungu lilifura, likatoa tumbo, na tumbo hilo likasugua ukingo wa chuma. "Na hapa je?" Kijana hakujibu. "Waya huu ni mmoja, mwanangu, lakini una mikao. Wewe umeupima umekaa kitako. Hukuuliza wakaa vipi ukiinuka."

Fundi aliyakata upya mafungu yote sita bila ya kumtoza mteja hata shilingi. Zilikuwa siku tatu za kazi isiyo na malipo, na madereva nao walipoteza riziki ya siku hizo. Hakumkemea kijana mbele ya watu. Pengine angalimkemea, aibu ingalipungua.

Usiku ule kijana alirudia hesabu. Usukani ukigeuzwa nyuzi 40 kwenda kushoto, ile pembe mraba huwa nyuzi 130, na umbali kati ya swichi na soketi hufika sentimita 31.8. Kati ya sentimita 7 za ukarimu zilikuwa zimebaki milimita 2 tu. Ukigeuzwa nyuzi 40 kwenda kulia, pembe hupungua hadi nyuzi 50, na umbali huwa sentimita 15.5. Waya huo huo uliobanwa kushoto hadi kukosa pumzi, kulia hubakiwa na zaidi ya sentimita 16 zisizo na pa kwenda. Kwa hivyo kuongeza urefu pekee si dawa. Upungufu huukata waya kwenye mpindo mkali, na ziada isiyoelekezwa huupeleka kwenye ukingo wa chuma. Shaba ina tabia ya kuwa ngumu kila inapopindwa na kupindishwa tena, hadi inapoishiwa na unyumbufu na kukatika. Ndiyo sababu waya unaosogea hutengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba badala ya uzi mmoja mnene, na hupewa mpindo mpana kuliko waya uliotulia.

Ni muhimu kueleza kwa nini programu haikumwonya. Katika usanifu wa tarakilishi, waya huundwa kwa kuchora njia yake, yaani mstari unaopita hewani kutoka soketi hadi soketi, kisha duara dogo huburutwa juu ya njia hiyo mpaka waya upate mwili. Kioo huonyesha waya mzuri wenye rangi na unene. Lakini programu haijui kwamba waya ni laini. Kwa desturi yake huuhesabu kuwa kipande kigumu, kama kwamba ni nondo iliyopindwa. Usukani ukizungushwa kiooni, waya haufuati. Hubaki ukining'inia mahali ulipochorwa. Mchoro wa kijana haukuwa na kosa la hesabu. Kosa lilikuwa kwamba ulionyesha mkao mmoja wa kitu chenye mikao mingi, na ukasomwa kana kwamba umeonyesha kitu chote.

Jaribio lake la kurekebisha nalo lilikuwa na funzo. Alitengeneza faili tatu: moja ya usukani ulionyooka, moja ya kushoto, na moja ya kulia. Kila faili ilikuwa sahihi peke yake. Kisha mmiliki akaomba iongezwe soketi ya kuchajia simu, na waya wake upite katika fungu hilo hilo. Kijana aliuongeza katika faili ya kwanza, akaitwa kushika taa uwanjani, akasahau zile mbili. Kuanzia hapo fungu moja likawa na historia tatu zinazopingana. Zaidi ya hayo, alipoziunganisha faili zote ili atoe orodha ya vifaa vya kununua, orodha ilitaja mafungu matatu kwa kila tuktuk. Programu ilihesabu kila mkao kuwa kitu. Lau orodha hiyo ingalipelekwa dukani jinsi ilivyokuwa, tuktuk sita zingalinunuliwa nyaya za tuktuk kumi na nane.

Tatizo hili si geni katika taaluma ya usanifu. Mwaka wa 1963, Ivan Sutherland alipowasilisha Sketchpad, programu ya kuchorea aliyoibuni alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT huko Marekani, tayari alikuwa ametenganisha mchoro asili na nakala zake. Asili ikibadilishwa, nakala zote hubadilika. Programu za baadaye ziliiendeleza fikra hiyo hadi kitu kimoja kikaweza kuhifadhiwa katika faili moja pamoja na hali zake zote, hali hizo zikiongozwa na jedwali. Hiyo ndiyo njia ambayo kijana aliifuata hatimaye. Alitengeneza fungu moja, akalipa urefu mmoja, na kando yake akaweka jedwali. Kila safu ya jedwali ilikuwa mkao: jina lake, pembe ya usukani, na njia ya waya katika pembe hiyo. Sharti lilikuwa moja: njia zote ziwe na urefu sawasawa, kwa maana waya haurefuki kwa sababu dereva amekata kona. Orodha ya vifaa ikarudi kutaja fungu moja.

Safu ziliwekwa nne. Tatu zilikuwa zile alizoonyeshwa na ami yake. Ya nne ilikuwa ya mezani, ambapo fungu hulazwa limenyooka ili likatwe na kuzungushiwa tepu. Mkao huo haumo kabisa katika maisha ya tuktuk, lakini bila ya huo waya haukatiki wala haufungwi. Urefu aliouchagua ulikuwa sentimita 36, na ziada yake aliielekeza nyuma ya mhimili ili ijikunje kwa duara pana, mbali na chuma.

Msomaji asidhani kwamba haya ni masaibu ya karakana za mabati pekee. Ndege ya A380 ya kampuni ya Airbus, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Aprili mwaka wa 2005, hubeba kiasi cha kilomita 530 za nyaya. Mafungu yaliyotengenezwa Hamburg, Ujerumani, yalipofikishwa Toulouse, Ufaransa, ili yafungwe, baadhi yake yalionekana kuwa mafupi kuliko njia yaliyopaswa kupita. Wahandisi wa Ujerumani walikuwa wakitumia toleo la zamani la programu ya CATIA na wenzao wa Ufaransa toleo jipya. Mabadiliko ya upande mmoja hayakufika sawasawa upande wa pili. Mwaka wa 2006 kampuni ilitangaza ucheleweshaji mara kwa mara, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa shirika la Singapore Airlines mwezi Oktoba mwaka wa 2007, baada ya kuchelewa kwa takriban miaka miwili na kwa hasara ya mabilioni ya yuro. Ukiondoa ukubwa, kisa ni kile kile cha Magogoni: waya mmoja, faili zaidi ya moja, na sentimita chache zilizokosekana.

Nao wajuzi wa nyaya kubwa hawaoni haya kuacha ulegevu. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM, zilizofikishwa Mombasa mwaka wa 2009, ni za aina ambayo hulazwa kwa urefu unaozidi umbali wa ramani, kwa sababu sakafu ya bahari ina mabonde na milima, na waya uliokazwa ungening'inia kati ya kilele na kilele. Mtu wa Kisauni anayetumia intaneti hunufaika na ulegevu aliouacha fundi mwingine baharini.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kisa hiki kina jambo la ziada. Katika tarakilishi, neno linalotumika sana kwa dhana hii ya hali mbalimbali za kitu kimoja ni usanidi. Ni neno lenye kazi yake, na hufaa mtu anapoiandaa mashine au programu. Lakini fundi ambaye hajawahi kufungua kamusi ya istilahi alikuwa na neno mdomoni, akalitumia pasipo kusita: mkao. Mswahili akiambiwa akae mkao wa kula, haambiwi abadilike awe mtu mwingine. Huambiwa aupange mwili wake kwa ajili ya tendo linalokuja. Hiyo ndiyo maana hasa ambayo msanifu huihitaji. Mkao ni umbo la muda la kitu cha kudumu, na ndani yake mna tendo linalolidai umbo hilo. Wataalamu wa istilahi wamesisitiza mara nyingi kwamba hazina ya Kiswahili na lahaja zake ichunguzwe kabla ya kukopa au kubuni. Pengine wangeongeza kwamba hazina hiyo haimo katika tenzi na misemo tu. Imo pia katika mikono yenye grisi.

Isitoshe, sarufi imekwisha kulijua jambo hili. Mzizi -pind- huzaa pinda, pindwa, pindika, pindisha na pindana. Mwanaleksikografia makini hupanga minyambuliko hiyo chini ya kitomeo kimoja, ili mtumiaji atambue ukoo wake. Akiitawanya kila mmoja mahali pake kana kwamba haijuani, maelezo ya mzizi yakirekebishwa sehemu moja yatabaki na kosa sehemu nyingine, kama waya wa simu uliosahauliwa katika faili mbili. Kinachodumu katika neno ni mzizi. Kinachodumu katika waya ni urefu. Yeyote anayetaka kuvieleza hana budi kushika kile kinachodumu, kisha akiri mikao yake yote bila ya kuruka hata mmoja.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa chenyewe. Ujuzi wa mikao ulikuwa mkononi mwa fundi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila alipokata waya aliugeuza usukani kwanza, wala hakujua kwamba anafanya hivyo, mkono ulijigeuzia. Hakumfundisha kijana kwa sababu hakuliona kuwa somo. Kijana naye hakuuliza kwa sababu kioo kilimwonyesha picha iliyokamilika, na picha iliyokamilika haiamshi swali. Laiti fundi angalipoteza macho kabisa mwaka mmoja mapema, ujuzi huo ungaliondoka naye, na tuktuk zingaliendelea kuzimika usiku bila ya mtu kujua sababu. Tarakilishi haikuuvumbua ujuzi huo. Manufaa yake ni kwamba ilimlazimu kijana kuutaja, safu kwa safu, na kilichotajwa huweza kurithiwa.

Jedwali lilipokamilika, kijana alimsomea ami yake, maana kioo kilimchosha macho. Mezani. Wima. Kushoto. Kulia. Fundi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wangu?"

"Upi, Ami?"

"Siku swichi ikiharibika, nitaifungua vipi? Sharti niivute nje, niigeuze, niione kwa nyuma. Umeniwekea wapi waya wa kuvuta? Na kwa macho haya, yataka isogee karibu."

Kijana alitoka na tepu ya kupimia, akafungua skrubu za swichi, akaivuta hadi pale fundi alipoweza kuzitambua rangi. Akarudi, akaongeza safu ya tano, na kwenye nafasi ya jina akaandika: mkao wa fundi. Kisha akabadilisha namba moja, 36 ikawa 39, na mikao mingine minne ikajipinda upya kiooni.

"Yakubali?" fundi aliuliza.

"Yakubali, Ami."

"Haya, lete huo waya. Na mimi niugeuze usukani."